Sauti ya Mwana wa Bandia

Kazi yangu ni kutazama vipindi kabla watu wengine hawajavitazama. Kituo cha televisheni kikileta filamu, mimi ndiye ninayesema ionyeshwe saa ngapi, mtoto wa umri gani aruhusiwe kukaa mbele yake, na kipande gani kiondolewe. Watu wakisikia hivyo huniambia nina bahati, eti nalipwa kwa kukaa kwenye kochi. Huwa nawajibu waje wakae wao: watazame vita, machozi ya wapenzi na vikaragosi vinavyopiga makelele tangu asubuhi mpaka macho yawashe, halafu tuzungumze habari za bahati.

Tangu Mama aanze kusahau, nafanyia kazi nyumbani. Mkuu wetu wa vipindi alinikubalia shingo upande. Ofisini tunamwita Mkasi, kwa sababu akiachiwa atakata hata jina la filamu. Hunitumia kazi kwenye flashi, nami humrudishia ripoti. Sebule ndiyo ofisi yangu. Mama hukaa kwenye kiti chake chenye mgongo mrefu, miguu juu ya kigoda, na hutazama kila ninachokitazama.

Lazima nieleze tunavyotazama, maana balaa lote lilianzia hapo. Filamu nyingi za kigeni huja na tafsiri iliyoandikwa chini ya picha. Macho ya Mama hayawezi tena kufukuzana na maandishi yanayopita mbio, kwa hiyo mimi humsomea. Wala sisomi kama karani wa mahakama, naigiza. Jambazi nampa sauti nzito, kizee nampa ya kutetemeka, na wasichana wote nawapa sauti yangu mwenyewe, kwa kuwa sina nyingine ndogo zaidi. Mama hucheka mpaka anajishika mbavu. Tena nilikuwa najisifu kwa wenzangu kwamba njia hiyo hunisaidia kuijua tafsiri mbovu, maana sentensi mbaya hukwama mdomoni.

Siku moja Mkasi alinipigia simu. "Nakutumia kitu kidogo," akasema. "Katuni ya Kijapani, anime kama vijana wanavyoita. Vipindi sita tu, vifupi vifupi. Mambo ya anga za juu. Niandikie kwamba inawafaa watoto, tuiweke mchana wakati wa likizo."

"Yaani jibu unalo, unataka sahihi yangu tu?"

"Wewe nawe! Itazame kwanza."

Jina lake la Kijapani lilinishinda kutamka, kwa hiyo nikaiita "ile ya wanaorudi." Hadithi yake si ndefu. Kuna kituo kinachoelea mbali angani, na familia chache zinaishi humo. Watoto wakubwa hutoka nje wakiwa wamevaa mavazi mazito, waende kutengeneza antena. Binti mmoja anatoka, kamba yake inakatika, anapotelea gizani. Mama yake hajui. Mashine inayoendesha kituo inajua, na kwa kuwa imeagizwa isimwache mtu yeyote ahuzunike, inatengeneza binti mwingine anayefanana na wa kwanza mpaka kovu la goti, inamrudisha nyumbani kabla ya chakula. Kuanzia hapo ni mama na mwana wa bandia ndani ya chumba kidogo, wanatazamana.

Nitasema kweli, ilikuwa nzuri. Nilitafuta kasoro kwa bidii, maana ndiyo tabia yangu, nikapata chache. Kipindi cha tatu kilijaa maelezo ya mitambo ambayo hakuna aliyeyaomba. Lakini wachoraji wale walijua kuchora mlango uliofungwa, ukautazama mpaka ukaanza kuogopa. Hakukuwa na damu wala majini. Kulikuwa na msichana mpole tu, anayerudia kwa sauti isiyopanda wala kushuka: "Mama, ni mimi. Mwanao. Mbona hunitazami?"

Na msichana huyo, kama nilivyosema, alikuwa na sauti yangu.

Kanuni yetu ni kutazama mara tatu: ya kwanza kwa ajili ya hadithi, ya pili kwa ajili ya lugha, na ya tatu ukijifanya wewe ndiye mtoto. Mara zote tatu nilimsomea Mama, kipindi cha kwanza hadi cha tano. Safari hii hakucheka. Alikunja mikono, akakaza macho kwenye kioo.

Mama alikuwa mkunga maisha yake yote ya kazi. Jambo lililomkosesha usingizi wakati ule halikuwa damu wala kelele za wodini. Alichoogopa ni kumkabidhi mzazi mtoto asiye wake. Alikuwa akivikagua vile vikaratasi vya majina mikononi mwa vichanga, anaondoka, anarudi kuvikagua tena. Wenzake walimcheka kwa hilo.

"Huyo amebadilishwa," alisema katikati ya kipindi cha pili.

"Umejuaje, Mama?"

"Mtoto ametoka kwenye hatari, amerudi kwa mama yake, halii? Mimi nimewapokea wangapi? Asiyelia ana jambo."

Nikacheka, nikaiandika sentensi hiyo pembeni ili niitumie kwenye ripoti. Niliona ni maoni ya mtazamaji.

Kipindi cha sita nilikitazama peke yangu, Mama akiwa amelala mchana. Namshukuru Mungu kwa hilo. Humo yule mama wa kwenye katuni anamtoa mwana wa bandia nje ya kituo, anafunga mlango, anakaa chini akiusikiliza ukigongwa mpaka unanyamaza. Niliamua palepale kwamba Mama hatakiona.

Dalili ya kwanza niliipuuza. Nilimpa chai, nikamkuta anaimwaga kwenye sinki polepole, kama mtu anayemwagilia ua. Nilidhani imepoa. Siku iliyofuata nilirudi kutoka dukani na sabuni, nikamkuta amesimama katikati ya sebule.

"Aliyetoka hapa alivaa viatu vyeusi," akasema.

"Nimevivua mlangoni, Mama. Vile pale."

Akavitazama viatu. Akanitazama mimi. Halafu akaniambia nigeuke, akanikunja sikio, akatafuta kile kidoa nilichozaliwa nacho. Alikiona. Nilisikia pumzi yake shingoni.

"Hata yule alikuwa na kovu la goti," akasema, akaniachia sikio haraka kama limemchoma.

Tangu ugonjwa wake uanze nilikuwa nimejiandaa kwa mambo mengi. Anaweza kusahau siku, kusahau jina la marehemu Baba, kuvaa gauni nje ndani. Yote hayo nilikuwa nayafanyia mzaha ili yasinimalize. Nilichokiogopa kilikuwa kimoja tu, nacho sikuwahi kumwambia mtu: siku ambayo Mama atanitazama usoni asinijue. Daktari alisema huenda siku hiyo ikafika, lakini kwa mbali. Sasa naiona inapiga hodi, tena nimeileta mimi kwenye flashi.

Akaanza kukataa chakula nilichokipika mimi. Alikula ndizi tu, kwa kuwa anazimenya mwenyewe. Vidonge vya shinikizo la damu alivificha chini ya ulimi na kuvitema kwenye mto, nilivikuta nikitandika. Nikampigia simu kaka yangu, anayeishi mji mwingine, na kabla sijamaliza habari akaniambia Mama ameshampigia.

"Ameniambia kwa kunong'ona kwamba humo ndani kuna mtu mwenye uso wako," akasema. Alijaribu kucheka, kicheko kikamkatikia. "Dada, unamfanyia nini?"

"Namfanyia chai! Wewe unayemfanyia simu mara moja kwa mwezi ndiye unayeniuliza?"

Tulirushiana maneno mpaka tukachoka. Akaahidi kuja mwisho wa wiki.

Asubuhi iliyofuata nilipiga moyo konde. Nikapiga magoti mbele ya kiti chake, nikamshika mikono, nikalainisha sauti kadiri nilivyoweza.

"Mama," nikasema, "ni mimi. Mwanao."

Uso wake ukasawijika. Akavuta mikono yake, akaibana kifuani.

"Sasa utasema mbona sikutazami," akasema.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mtu asiyekumbuka kama ameoga au hajaoga alikuwa amelishika neno lile barabara, kwa sababu nilimwimbia mara tatu kila kipindi, kwa sauti hii hii niliyonayo kooni. Kila neno la upole nililokuwa nalo lilikuwa limeshasemwa na yule wa bandia. Yule wa kwenye katuni hakuiba sura yangu. Mimi ndiye niliyempa sauti, na sasa nikitaka kujitetea sina nyingine.

Nikaichomoa flashi, nikaifungia kabatini, na kwa siku hiyo yote nikawa naongea kidogo kadiri iwezekanavyo. Nikienda jikoni, yeye sebuleni. Nikienda sebuleni, namwona anateleza ukutani kwenda chumbani, macho hayaniachi. Nilianza kuogopa kivuli changu mwenyewe. Nilipopita mbele ya kioo cha bafuni nilijikuta nakagua uso wangu, kama naye huyo wa kiooni anaweza kuwa na lake moyoni.

Kesho yake mchana wingu lilitanda. Nilikuwa nimebandika maharage kwenye jiko la gesi, nikatoka uani kuanua nguo kabla mvua haijanyesha. Nilikuwa na shuka mkononi niliposikia komeo la mlango wa jikoni likisukumwa kwa ndani.

Mwanzoni nilikasirika tu. "Mama! Fungua, nipo nje!"

Nikaugonga. Nikaenda kwenye dirisha la jikoni. Lina nondo, kama madirisha yetu yote. Mama alikuwa amesimama katikati ya chumba, ameipa mgongo meza yenye jiko la gesi, anautazama mlango. Hakuwa amekitazama kipindi cha sita hata dakika moja. Hakuna aliyemfundisha kumfungia mtu nje. Alifika huko mwenyewe.

Mlango wa mbele niliufunga mimi asubuhi, kama kila siku, ili asitoke akapotea. Ufunguo ulikuwa kwenye koti langu, koti liko chumbani, na simu iko juu ya friji. Jirani yetu ni fundi wa kuchomelea vyuma. Mashine yake ilikuwa inanguruma upande wa pili wa ukuta. Niliita mpaka sauti ikapasuka. Hata mbwa hakubweka.

Kisha nikaona kitambaa cha kushikia sufuria. Mama alikuwa amekitupa kando ya sufuria, pindo lake limegusa moto. Kilikuwa kinafuka moshi mwembamba, na juu yake palining'inia pazia la dirisha dogo.

"Mama, jiko! Tazama jiko!"

Hakutazama jiko. Alinitazama mimi, akaziba masikio.

"Mama, nifungulie, ni mimi."

Maneno yalinitoka kabla sijayazuia. Yalikuwa ya kipindi cha tano, neno kwa neno, pale mwana wa bandia anapogonga mlango wa chumba cha mama yake. Mama akatoa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia ikitoka kwake, akarudi nyuma. Nyuma yake ndiko kulikokuwa na jiko.

Kitambaa kikawaka.

Nikabadilisha. Nikamfokea. Nina ulimi mkali, kila mtu anajua, na yule wa kwenye katuni hakuwahi kukasirika hata mara moja. Nikadhani hasira itanitofautisha. "Acha utoto, Mama! Unataka kuungua? Fungua huo mlango sasa hivi!" Akaanza kulia. Alilia kama mtu aliyevamiwa nyumbani kwake, na akasogea tena nyuma, mpaka mkono wa sweta lake ukawa karibu kabisa na moto. Pazia lilishaanza kujikunja na kuwa jeusi. Nilizishika zile nondo nikazivuta kama mwendawazimu. Moshi ulinipiga usoni. Niliona kwa macho yangu jinsi Mama atakavyokufa: akiwa ananikimbia mimi.

Nikaacha kupiga kelele. Nikaweka mdomo wangu kwenye nondo.

"Mimi si mwanao," nikasema.

Akashusha mikono kutoka masikioni.

"Rudia."

"Mimi si mwanao. Umenijua tangu mwanzo. Usiniogope."

Alinitazama moja kwa moja, bila woga, kwa mara ya kwanza tangu siku ya viatu. "Mwanangu yuko wapi?"

"Yuko mbali kidogo. Ni mzima. Amenituma nizime jiko."

"Amekutuma wewe?"

"Ndiyo. Amesema mama yake asiungue."

Hapo ndipo alipogeuka. Akaona moto kana kwamba umewashwa dakika ile, akaruka, akaja mlangoni, nikasikia komeo likirudi nyuma. Nilimpita mbio. Nilifunga gesi, nikalivuta pazia kwa mikono mitupu nikalikanyaga, nikamwaga ndoo nzima ya maji juu ya meza na maharage na kila kitu. Kisha nikafungua madirisha, nikakaa sakafuni kwenye maji.

Mama alikuwa mzima. Hakuungua hata unywele. Kiganja changu mimi ndicho kilichobabuka.

Alikiona kabla yangu. Akanisimamisha, akanipeleka kwenye bomba, akakiweka kiganja chini ya maji na kukishikilia hapo muda mrefu. Halafu akaenda moja kwa moja kwenye droo yenye bandeji, yeye ambaye juzi hakujua choo kiko upande gani. Akanifunga kwa mikono ya mkunga, haraka na bila kuniumiza.

"Pole sana, binti wa watu," akasema.

Hilo neno lilinichoma kuliko kiganja. Nikaona nisingoje, nirekebishe mambo palepale. "Mama," nikasema taratibu, "nilisema vile ili ufungue tu. Ukweli ni kwamba mimi ndiye..."

Vidole vyake vikasimama. Niliona ule woga ukipanda tena machoni, unajaa, na mguu wake mmoja ukirudi nyuma kuelekea mlangoni. Nikameza maneno yangu.

"Wewe ndiye nani?" akauliza.

"Ndiye niliyetumwa," nikajibu.

Akapumua. Akamalizia fundo.

Jioni Mkasi alipiga simu kuuliza ripoti. Nilimwambia isionyeshwe mchana, wala kwa watoto, na kwamba ikionyeshwa kwa watu wazima waandikiwe onyo. Akalalamika kwamba haina hata tone la damu. "Inatisha nini hasa?" akauliza. Mama alikuwa mezani hatua chache kutoka nilipo, ananisikiliza. Nikamwambia nitamwandikia, nikakata simu.

Niliandaa wali na mayai, nikaweka vidonge vyake pembeni ya sahani bila kusema neno. Mama aliinusa sahani. Kisha akachukua kijiko akala. Akala yote. Vidonge akavimeza kimoja baada ya kingine, akafungua mdomo kunionyesha, kama alivyokuwa akiwataka wagonjwa wake wafanye.

"Wewe afadhali umekiri," akasema. "Yule wa kwenye katuni hakukiri. Angekiri, mama yake angemwacha akae."

"Naweza kukaa?"

"Kaa. Utaenda wapi na mkono huo?"

Nikakaa. Alisogeza sahani ya mayai upande wangu, akaniangalia nikila, kwa uso mwema anaowapa wageni. Nilikuwa nikiogopa kuinua macho, kwa sababu nilijua yakikutana na yake nitalia, na sikujua Mama ataelewa nini akimwona mwana wa bandia analia. Nilisubiri jioni nzima nione kama ataniita kwa jina langu la utotoni, hata kwa bahati mbaya. Hakuniita.

Baadaye aliinamia upande wangu, akashusha sauti kama mtu anayeomba jambo la aibu.

"Mwanangu ana wivu," akasema. "Akirudi, usimwambie kwamba nilikuzoea."

"Sitamwambia," nikasema.